Vyungu Sita vya Wifi

Ulikuwa mwaka tuliokula ndiga, kile kiazi mwitu chenye sumu: unakikata vipande, unakiloweka mtoni siku tatu, ukifanya haraka unazika mtu. Usiniulize mwaka wa vitabuni. Sisi wa Mkange, mwaka ule tuliuhesabu kwa tumbo.

Nilikuwa mfinyanzi, wala sijisifu bure: vyungu vyangu vilipikiwa mpaka Saadani. Lakini kwenye njaa nani anataka chungu? Mwenye mtama alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Kanda zima, ule mfuko mrefu wa ukindu, kalificha uvunguni mwa kitanda. Nikamwendea kwa ajili ya mjukuu wangu, yatima wa binti yangu, mbavu zake unazihesabu ukiwa mlangoni. Tukapatana: vyungu sita kwa pishi mbili za mtama. Vyungu vizima, alisema.

Kwetu, siku ya kuchoma, mfinyanzi hasemi. Hasalimiwi, haitiki. Akifungua kinywa, vyungu vinapasuka. Wifi alilijua hilo tangu utotoni. Moto ulipokolea akaja, akanisimamia kichwani, akanisalimu. Nikanyamaza. Akasalimu tena. Nikanyamaza.

"Wifi, mjukuu wako katumbukia kisimani."

"Kisima kipi?" nikasema, nikakimbia.

Mtoto nilimkuta nyuma ya nyumba, kakaa, anatafuna ukindu wa mkeka. Niliporudi, vyungu vinne vimepasuka. Wifi akavigonga kimoja kimoja kwa ukucha, akasema hakuagiza vigae. Mtama ukabaki uvunguni. Vile viwili vizima akavibeba, eti malipo ya udhia aliopata.

Mjukuu wangu hakuuona mwezi uliofuata. Mtu mmoja alimpeleka makaburini, tena kwa mkono mmoja.

Mvua ziliporudi, wifi akaniletea mjukuu wake wa kike nimfundishe, maana mfinyanzi nilibaki peke yangu kijijini. Nisiseme uongo, kitoto kilikuwa na vidole vya kazi.

"Utamfundisha, au utakufa umekumbatia udongo wako kama fuko?" wifi akanicheka.

"Simfundishi. Mikono hii itazikwa na kazi yake."

Akamtuma kaka yangu mkubwa. Kaka akaja, akakaa kitako, akaniita dada yangu, mama yangu. Akasema mtoto hana kosa, na wake zetu wataishia kununua masufuria ya shaba kwa Wahindi wa Bagamoyo. Yote kweli. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikampa maji ya kunywa, nikamjibu:

"Simfundishi. Mikono hii itazikwa na kazi yake."