Sambaza za Mukagatare

Katika mtaa wa Kamembe, Uwamwezi ndiye aliyeitwa kwanza kila palipokuwa na harusi. Pilau yake iling'aa, na maharage yake yaliogelea katika mawese mekundu mpaka wageni wakalamba vidole. Kwa hiyo mumewe Mudathiru, fundi seremala, alipoanza kuacha chakula nusu sahani, ilimuuma kuliko tusi.

"Nimeshiba," alisema Mudathiru kila jioni.

Jirani mmoja ndiye aliyemfumbua macho. "Maman Latifu, bantu banasema Papa Latifu anakulaka kule chini ziwani, kwa Mukagatare."

Mukagatare alikuwa mjane aliyeuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa Kivu, na kuvipika hapo hapo ufukweni. Alikuwa na sauti ya kuvutia na meno mazuri. Uwamwezi alijua habari za meno hayo tangu zamani.

Mchana uliofuata alifunga kitenge chake vizuri, akateremka kilima. Akamkuta mumewe juu ya benchi kando ya Mukagatare, sahani magotini, akicheka. Uwamwezi hakupiga kelele. Alikaa katikati yao, akaichukua ile sahani, akala sambaza zote mpaka mwisho.

"Hazina chumvi," alisema. "Na mafuta yako wapi?"

"Yeye mwenyewe aliniomba nisitie mafuta," Mukagatare akajibu kwa upole. "Juu ya ini lake."

Hapo ndipo wivu ulipomchoma kweli. Mwanamke mwingine alijua ugonjwa wa mume wake, na yeye, aliyelala naye kitanda kimoja, hakujua.

Njiani kurudi, Mudathiru alisema polepole. "Dokta alinipima kwa mashine, akaona mafuta yamejaa kwenye ini. Ningekuambiaje? Kwenye ndoa zote banakuita juu ya mawese yako."

"Ungeniambia tu. Mimi ni bibi yako."

Alidai kwenda naye kwa daktari, na akaketi mbele kabisa. Daktari, kijana mpole, aliwaeleza kwamba ini halipokei tu mafuta ya chakula; linatengeneza mengine lenyewe, hasa mtu akizidisha sukari na ugali. Mafuta ya samaki, akasema, yana namna ya kuliambia ini lipunguze kazi hiyo, na mafuta ya alizeti nayo yanasaidia kidogo. Mawese hayana uwezo huo.

"Kwa hiyo chakula changu kimemwumiza," alisema Uwamwezi.

"Si chakula chako peke yake, Maman. Fanta zake pia, na kukaa kwake bila kutembea."

Uwamwezi alimtazama mumewe. Fanta hizo nazo hakuzijua.

Tangu siku hiyo alichemsha sambaza kwa nyanya na vitunguu, akapunguza ugali, akaongeza mboga za majani, lengalenga. Mudathiru alikula akamaliza. Jioni moja akajisahau. "Mukagatare anawekaka ndimu kidogo."

Uwamwezi aliinuka, akaosha vyombo kwa kelele, na kwa siku kadhaa hakuna ndimu iliyoingia katika nyumba ile. Baadaye aliiweka mwenyewe, kwa sababu kweli sambaza zilikuwa tamu zaidi nayo, na kukiri hilo kulimuuma tena upya.

Miezi ikapita. Mudathiru aliacha Fanta, akaanza kwenda karakana kwa miguu. Alipopimwa tena, daktari alisema mafuta yamepungua sana kwenye ini. Walipotoka nje, Mudathiru alimshika mkono mkewe.

"Asante, Maman Latifu. Na tumwambie Mukagatare asante pia."

"Weye mwambie Mungu asante," alisema Uwamwezi. "Kwa Mukagatare nitakwenda mimi."

Alikwenda kweli. Alimpelekea bakuli la pilau, akamshukuru kwa maneno machache, akakataa kuketi. Mukagatare alipomwambia aje kununua kwake kila asubuhi, Uwamwezi aliitikia kwa kichwa. Lakini mpaka leo sambaza anazinunua kwa muuzaji mwingine, upande wa pili wa ufukwe, ambako ni mbali zaidi na samaki si wazuri hivyo.