Shavu Sakafuni

Huku Ladakh, milimani Himalaya, fundi wa sakafu huvua soksi kabla hajaingia, hata theluji ikiwa mlangoni. Hukanyaga udongo aliousiliba mwenyewe juu ya mabomba ya maji yanayopashwa moto na jua kule darini, kisha hulala kifudifudi na kuubandikia shavu. Vidole vyake vimeingia weusi wa mafuta ya kitani ya kung'arishia sakafu, na sauti yake ni ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

“Mbusu basi, si mkeo huyo!” alimtania Abi Yangdol, bibi mwenye nyumba, akiwa amekaa kwenye godoro lake la chini. Kesho yake ilikuwa Losar, mwaka mpya, na wageni thelathini walikuwa njiani. Tulicheka sote tuliokuwa tukimsaidia kuandaa, isipokuwa fundi. Alitambaa na shavu lake hadi karibu na ukuta, akatulia, akainuka, akachukua sururu na kuipiga katika sakafu aliyoing'arisha kwa siku tisa.

“Umerogwa wewe? Wageni wangu nitawakalisha wapi?”

“Abi-le,” fundi alimwita kwa heshima, “toka hapo.”

“Sitoki!”

Alipiga tena, na maji ya uvuguvugu yakafoka kutoka kwenye bomba lililokuwa limeoza na kuvuja chini kwa chini. Nilidhani hilo ndilo baya lenyewe. Kisha akausukuma kwa kiganja ukuta wa udongo, nyuma tu ya mto wa bibi, na mkono ukazama hadi kwenye kifundo, kama kwenye unga uliokandwa. Hakuuchomoa. Aliegemeza bega lake hapo, kuuzuia ukuta usianguke.

“Mbebeni bibi,” alisema kwa sauti ileile ndogo. “Polepole. Na mlango msiubamize.”