Namba za Uchawi Zilizonirudisha Mambrui

Niliondoka Nairobi kwa sababu ya neno moja nililoliandika kwa mkono wangu. Katika barua kwa dada yangu Zuhura, nilijisifia masomo yangu ya chuo kikuu: "Nachunguza namba za uchawi zilizomo ndani ya kiini cha atomu." Ndivyo wataalamu wanavyoziita, kwa mzaha. Mambrui nani aujuaye mzaha huo? Barua ilifika Alhamisi. Jumapili mwanawe mchanga, Salim, akafa kwa homa. Mama akaniandikia kwamba mtaa mzima wasema uchawi wangu ndio uliomla mtoto, na Zuhura hataki hata kusikia jina langu. Mdomo uliponza kichwa!

Alfajiri nilishuka Mombasa, nikapanda basi la Malindi. Kilifi tuliteremka ili tuvuke kwa feri. Mzee mmoja mwenye duka Mambrui alinikazia macho. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akajibu, "Marahaba. Wewe ndiye yule wa namba?" Kisha akasogea upande wa pili wa feri. Niliona haya, na hasira pia, wallahi.

Adhuhuri nilifika Mambrui. Mama alinipokea mlangoni, akaninong'oneza, "Na wewe nawe, hukupata neno jingine? Hata 'ajabu' lingekutosha." Zuhura alikuwa uani akichagua kunde. Nikasema, "Makiwa, dada." Akaendelea kuchagua.

Nikaketi mkekani, nikauvuta ungo wake. Nikapanga kunde mbili, kisha sita, kisha kumi na mbili.

"Hizi ni nyutroni, chembe za ndani ya kiini. Hukaa kwa matabaka. Tabaka likijaa, kiini hutulia: jumla yake ikifika mbili, nane, ishirini. Ndizo namba zenyewe, dada. Hazina pepo wala hirizi."

Nilijieleza kama mshtakiwa mbele ya kadhi. Nikamwambia kwamba hata hiyo ishirini wakati mwingine hutuangusha. Sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ikilimbikiziwa nyutroni hadi ishirini, tabaka halifungi kama tulivyotarajia, na kiini chake hakidumu hata kupepesa jicho.

Hapo ndipo aliponitazama mara ya kwanza. "Na hicho kisichodumu, mwahangaika nacho?"

"Sana. Twakipima, twaandika kimeishi muda gani. Hicho ndicho kinachotufunza zaidi."

Zuhura akaziacha kunde.

"Kaka, mimi si mjinga. Najua Salim aliuawa na homa. Nilikuandikia kwamba ni mgonjwa, hanyonyi. Wewe ukaniletea kurasa mbili za namba. Hukumuulizia mwanangu hata kwa neno moja."

Nikalia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu, na mama yuko jikoni asikia. Zuhura hakunibembeleza. Alinimiminia chai, akarudi kwenye kunde zake, nami nikamsaidia kuchagua mpaka alasiri.

Asubuhi ya pili niliaga. Nilikwenda Mambrui kujitetea kwa kosa nisilolifanya, na nilirudi na lile nililolifanya. Miaka yote ya shule nilifundishwa kuhesabu, nikadharau kumjulia mtu hali, nikaona ni maneno ya kujazia barua.

Malindi, nikingoja basi, nilinunua karatasi, nikaandika: "Dada Zuhura, nisimulie habari za Salim, tangu siku aliyozaliwa."