Meno ya Juu ya Ng'ombe wa Kiberiti

Walimwita Kiberiti, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ukimkanyaga kidole, kawaka. Ukimwomba radhi, kawaka tena kwa sababu umechelewa kuomba. Shule aliiacha njiani, akaingia mtaani kuuza viatu vya mtumba, na huko ndiko alikosoma kweli: akigeuza soli tu, anakwambia kiatu kimetembea wapi. Basi akarudi kwa mama yake na kichwa kikubwa, akijua kila chenye miguu, hata kama ni minne.

Mama alikuwa na mtamba mmoja, mrembo, mwenye mapozi, ila kila akipelekwa kwa dume anarudi mtupu.

"Mama, tumbadilishe," Kiberiti akasema. "Tuchukue ng'ombe mzee, bibi mwenye mimba. Huyo kuzaa hafundishwi."

"Na akinifia? Mwingine sina."

"Mama! Mimi ni mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia?"

Mnadani akampata: jike la kijivu, mgongo umebonyea kama kitanda cha gesti, tumbo limejaa huku na huku. Mwenyewe, mzee mpole wa kofia ya sufi, akakubali kumchukua mtamba. "Mimba imekomaa, mwanangu. Meno yake yamechoka, kwa hiyo mkatie majani madogo madogo. Na usimtembeze ovyo."

"Najua, najua," Kiberiti akajibu. Alikuwa hajasikia hata nusu.

Asubuhi akiwa anamlisha, ng'ombe akanyoosha shingo amlambe. Kiberiti akachungulia kinywani. Chini mbele, vijino vimeisha kama sabuni ya kugombaniwa. Juu mbele, ufizi mtupu!

"Mama! Tumepigwa! Kang'olewa meno yote ya juu!"

"Wewe, hebu subiri nikwambie..."

Asubiri nani? Kamba mkononi, huyoo, yuko barabarani na ng'ombe. "Usimtembeze!" mama akapiga kelele. Maneno yalimfikia, lakini yalikuta mlango umefungwa.

Mnadani alianza kufoka hata kabla hajamwona anayemfokea. Tapeli! Mng'oa meno! Watu wakajaa. Mzee akamfungua kinywa ng'ombe aliyekuwa karibu: juu, ufizi. Akamfungua mwingine: ufizi. Akamfungua dume zima lenye nundu: ufizi.

"Kijana," akasema, "nitafutie mwenye meno ya juu mbele, nikupe huyo na kofia yangu. Hata mtamba wenu hana. Hukuwahi kumwangalia?"

Mama muuza kamba alicheka mpaka akakalia bidhaa zake. "Daktari wa Meno! Njoo na mimi unitazame!"

Kiberiti akaikaza kamba mkononi. Akageuza ng'ombe, wakarudi.

Katikati ya njia ng'ombe akalala. Akamvuta, wapi. Akamtukana, wapi. Kisha akasikia anavyohema. *Mwingine sina.* Akavua shati kumkinga jua, akapiga magoti vumbini.

"Bibi, samahani. Mjinga ni mimi. Wewe meno huna, mimi akili sina. Inuka, bibi yangu."

Mpita njia akasimama. "Amekufa?"

"Anapumzika!" Hapo tena kawaka.

Akawa anakata majani kwa vidole, madogo madogo, akimwekea mdomoni, mama alipotokea anakimbia na ndoo ya maji. Mama hakumgombeza. Alizunguka nyuma ya ng'ombe, akainama.

"Ameanza. Miguu hiyo inatoka. Shika, vuta akisukuma yeye, siyo wewe ukijisikia."

Kiberiti akavuta kwa adabu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Ndama akateleza, akadondoka mapajani mwake. Kimya. Hapumui.

"Mtoe ute!"

Akampangusa pua, akatia kidole kinywani, akachokonoa, huku machozi yakimtoka na akiyasingizia vumbi. Ndama akapiga chafya moja ya nguvu, yote usoni kwake, kisha akakishika kile kidole na kuanza kukinyonya.

Bibi akageuza shingo, akaanza kumlamba mwanawe, na Kiberiti naye, kwa kuwa walikuwa wamebanana.

Kiberiti hakutoa kidole. Alikisogeza juu taratibu, akapapasa. Ufizi. Akakirudisha chini haraka. Lakini mama alikuwa amemwona.

"Vipi, ana meno ya juu?"

"Hana, mama."

"Basi simama tukamrudishe mnadani."