Mbwa wa Dada na Gunia la Kuku

Mbwa wa dada yangu aliletwa kwangu ndani ya kikapu, akiwa amefunikwa taulo yake mwenyewe. Nilicheka. Alikuwa mweupe, manyoya kama pamba iliyochambuliwa, na mdogo kiasi kwamba jirani yangu muuza mitumba alichungulia kikapuni akauliza, "Mama, hii ni guok ama ni soksi?"

Guok ni mbwa. Nilimwambia ni mbwa, ingawa mimi mwenyewe sikuwa na hakika sana.

Dada anakaa Homa Bay. Alikuwa mwalimu, sasa amestaafu, na mumewe alifariki. Alikuwa anaenda Kisumu kupasuliwa goti, kisha akae kwa binti yake wiki sita mpaka aweze kutembea. Binti hataki mbwa kwa nyumba. Ndiyo maana akaletwa kwangu Migori, mimi ninayeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni na ambaye mbwa niliowajua maishani walikula ukoko wa ugali wakashukuru.

Dada alinipa mfuko wa chakula cha mbwa, umebaki nusu. "Ukiisha, nunua kama huu huu. Usimbadilishie ghafla." Halafu akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee nimezika. Huyu usinizikie."

Hapo niliacha kucheka. Lakini nitasema ukweli, moyoni niliendelea kidogo.

Chakula kiliisha wiki ya tatu. Mfuko nilikuwa nimeutupa, maana nani anaweka mfuko mtupu? Nikaenda agrovet, duka la dawa na chakula cha mifugo, iliyo karibu na stendi. Kijana wa pale amevaa koti jeupe kama daktari, na sijui nani alimpa ruhusa. Nikamwambia nataka chakula kizuri cha mbwa mdogo.

"Mathe, umefika," akasema. "Ya mbwa mdogo iko. Special."

Akaingia nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa fupi, nikaona miguu yake, nikaona na gunia limekaa wazi, picha ya mbwa mkubwa kama ndama mbele yake. Halafu nikasikia sauti ninayoijua kuliko sauti ya watoto wangu: chekecheke. Alikuwa anachekecha! Chembe kubwa zilibaki kwenye chekecheke, ndogo na unga zikaanguka chini, akazifunga kwenye karatasi ya nailoni na kuniletea kama zawadi.

"Hii ndiyo ya mbwa mdogo?"

"Si unaona vile iko ndogo ndogo?"

Yaani mbwa mdogo ni yule anayekula vipande vidogo. Kwa akili hiyo, mtoto mchanga angelishwa nyama ya ng'ombe bora tu isagwe. Nilimdharau pale pale, na dharau yangu ilikuwa na raha ndani yake, sitaficha. Nikanunua hata hivyo. Duka lingine lilikuwa limefungwa na mimi nilikuwa nimeacha meza yangu bila mtu.

Mbwa alinusa ile takataka, akaniangalia. Akala kidogo sana. Mimi nikaona huruma, nikataka kumwongezea utamu.

Hapa lazima nieleze kazi yangu. Omena ninayouza iko mafungu mawili. Kuna ya watu, iliyoanikwa juu ya neti, safi, inang'aa. Na kuna ya kuku, ile iliyoanikwa chini na kufagiwa ufukweni, imevunjika vunjika. Hakuna fungu la tatu. Sisi sote tunaouza omena tunajua hivyo, tangu waliotutangulia, na sijawahi kusikia mtu akiuliza mbwa yuko fungu gani. Mbwa si mtu. Kwa hiyo mkono wangu ulienda wenyewe kwenye gunia la kuku, nikachota gao moja la mkono, nikamwagia juu. Akala yote. Nikafurahi. Nikafanya hivyo kila siku, siku tano.

Siku ya sita alitapika. Hakuweza kwenda haja, akawa anachuchumaa uani akitetemeka, tumbo limekaza kama ngoma. Nilisikia maneno ya dada masikioni. Nikambeba kwa taulo yake mpaka agrovet, na pale nikafungua mdomo mbele ya wateja.

"Wewe mwizi wa koti jeupe! Umemuua mbwa wa watu na unga wako wa gunia!"

Mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe alisogea pembeni. Kijana hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Mathe, na wewe ulimpa nini ingine?"

"Hakuna!" nikasema.

Na wallahi niliamini. Mimi ni Mkristo lakini neno hilo nimelizoea kwa majirani zangu wa sokoni, na siku hiyo ningeapa kwa chochote. Omena kwangu haikuwa "kitu kingine". Ilikuwa omena tu.

Daktari wa mifugo nilimpata kwa simu. Alikuwa anatoka Ogwedhi, kwenye mnada wa ng'ombe, akaja kwangu na gambuti zenye mavi, akamwona mgonjwa wake, akacheka puani. Nilimdharau na yeye pia, kwa sababu nilijua ule mcheko. Ulikuwa wangu wa wiki tatu zilizopita. Lakini mikono yake ilikuwa ya upole. Alibonyeza tumbo polepole, akauliza kila alichokula. Nilipotaja omena, akasema niilete, na karai la maji.

Alimwaga gao moja la omena ya kuku ndani ya maji, akakoroga kwa kidole. Akaitoa omena. Chini ya karai ulibaki mchanga, mweusi, mwingi, pamoja na kipande cha gamba la konokono.

"Hiyo iko tumboni mwake," akasema.

Nimeuza mchanga huo miaka mingi na sikuwahi kuuona kwa karai.

Alimdunga sindano, akampa maji chini ya ngozi na dawa ya kulainisha, akaja tena siku mbili mfululizo. Siku ya tatu mbwa alitoa mchanga uani, na mimi, mtu mzima, nikapiga vigelegele kwa sababu ya mavi ya mbwa.

Kabla ya kuondoka daktari alinifundisha kuchagua. Nisisome mbele ya mfuko, nisome nyuma, maana mbele ni picha. Kitu kilichoandikwa kwanza ndicho kingi. Ikiwa ni mahindi, nimenunua ugali wa bei ghali. Itangulie nyama au samaki. Mfuko uandikwe ni wa mbwa wadogo, na uwe umefungwa, na tarehe isiwe imepita. Chakula kipya nichanganye na cha zamani siku kadhaa, kidogo kidogo, mara tatu kwa siku. "Tumbo lake ni kama kikombe cha chai, mama. Wewe ulimjazia kama debe."

Mfuko wa namna hiyo niliupata Oyugis, wa kampuni ile ile ya mfuko wa dada.

Nilirudi kwa kijana wa agrovet. Haki ni haki, hata kwa mtu kama yule. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba kosa halikuwa lake, lilikuwa langu.

"Nilikuambia, mathe," akasema, akanyoosha koti. "Sasa nikupimie ingine?"

Nikamwambia aende zake na chekecheke lake. Unga ule sio uliomwumiza mbwa, lakini si chakula cha mbwa mdogo, na hilo silifuti.

Dada alikuja na mkongojo. Mbwa alilia kama mtoto. Dada alimpapasa mbavu, moja moja, akaniangalia, na mimi nikamwambia yote kabla hajauliza: unga, gunia la kuku, mchanga.

Dada akasema, "Kuku wanakula mchanga?"

"Kuku wanauhitaji, dada. Ni wa kusagia chakula tumboni."

"Basi ningekuletea kuku."

Aliomba bakuli, akapima chakula mwenyewe, akasimama na mkongojo wake akimtazama mbwa mpaka chembe ya mwisho. Chai niliyomwekea ilipoa. Aliinywa hivyo hivyo.

Wakati wa kuondoka, kikapu kikiwa mkononi, aligeuka mlangoni. "Goti la kushoto bado," akasema. "Wakati huo huyu nitamwacha na nani?"

Sikujua kama ananiuliza au ananidharau, na sijui mpaka leo. Lakini ule mfuko wa Oyugis, uliobaki robo, hakuuchukua. Nimeufunga vizuri, nimeuweka juu ya kabati, mbali na magunia.