Mafuta ya Ndimu Mabegani mwa Becky

Kwa miaka kumi na mitano, mwanamke wa mtaa wa Migosi akiumwa na mgongo alielekezwa kwa Benta. Mama waliotoka kujifungua, makarani waliokaa vitini mchana kutwa, wauza samaki ambao shingo zao zilikuwa zimekakamaa kwa kubeba karai, wote walilala kifudifudi kwenye kitanda chake cha mbao, naye akawakanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Alikuwa na mikono mizito na mdomo mwepesi. Watu walimwita Mama Sydney, kwa jina la mwanawe wa kwanza, hata wale waliomzidi umri.

Debra alikuwa mwanafunzi wake. Alikuja kutoka Port Victoria akijua kupara samaki na si zaidi ya hapo. Benta akampa mahali pa kulala, akamwonyesha pa kubonyeza na pa kupita polepole, akamfundisha kunyamaza mteja anapolia. Baada ya miaka minne Debra aliaga kwa heshima zote. Benta alidhani msichana anakwenda Nairobi. Kumbe alikwenda mlango wa tano, barabara ile ile, akapaka chumba rangi ya kijani na kupanga rafuni chupa ndogondogo za kioo cheusi.

Chupa hizo ndizo zilizomla Benta roho. Ndani yake mlikuwa na mafuta makali ya mimea, yale yanayotolewa kwenye maua, majani na maganda, ambayo tone moja tu linajaza nyumba. Asubuhi upepo ulimletea mchaichai, mchana ukamletea lavenda. Wateja wake wa siku zote walipita mbele ya mlango wake wakimsalimia mbiombio, na waliporudi aliwaita kwa kisingizio chochote, awashike mkono, ainame kidogo, awanuse. Siku moja alimnusa hivyo mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lake. Alitabasamu, akamwombea safari njema, kisha akaingia ndani na kuvuta pazia.

Debra hakuwahi kumkosea adabu. Alimletea hata zawadi, chupa ya mafuta yaliyokwisha kuchanganywa, na karatasi aliyoandika kwa mkono: ya miguu, usipake usoni, mtoto asiguse. Benta alishukuru. Usiku haukuwa umeingia alipoyamwaga chooni, na choo kikanukia vizuri kwa siku mbili, jambo lililomuudhi zaidi.

Kisha Becky alikuja kuweka nafasi ya Jumamosi asubuhi. Becky alikuwa mwalimu wa nasari na kipenzi cha Benta. Benta alikuwa akimkanda tangu Becky akiwa msichana wa shule aliyeteguka kifundo cha mguu. Sasa dadake alikuwa anaolewa, naye ndiye angemsimamia. Katika maongezi akataja kwamba Debra alikuwa amemkanda miguu kwa mafuta ya ndimu, uchovu ukaisha kabisa. Alieleza pia jinsi Debra alivyomsisitizia kuvaa soksi kabla ya kutoka nje, lakini Benta hakusikia habari za soksi. Alisikia jina la Debra, akasikia ndimu.

Kesho yake alishuka mjini, kwenye duka la Shilpa, mwanamke wa Kihindi aliyerithi kwa mama mkwe wake biashara ya viungo na akaongeza rafu ya mafuta ya mimea. Shilpa hakumpa chupa mara moja. Alimuuliza anataka kuyatumia wapi, kwa nani, na kama amewahi kuyachanganya. Benta, ambaye hakuwahi kuchanganya hata tone, alijibu kwamba ameifanya kazi hiyo miaka mingi. Shilpa alipoanza kueleza tofauti ya ndimu moja na nyingine, Benta akasema ana haraka. Ndani ya kiboksi mlikuwa na karatasi ya maelezo. Kiboksi na karatasi vyote alivitupa kwenye kituo cha matatu, asije mtu akamwona na kitu cha Debra mkononi.

Jumamosi Becky alilala kitandani. Benta akafikiri: Debra huhesabu matone, mimi nitampa kwa ukarimu, anukie mpaka harusini. Akayamimina yalivyo, akayasugua mabegani na shingoni. Becky akasema yanachoma kidogo. Akauliza ni nini.

"Ni nazi yangu ile ile," Benta akajibu, "nimeikamulia ndimu ya sokoni. Mimi sina haja na dawa za chupa."

Harusi ilikuwa kwenye bustani kando ya ziwa. Becky alivaa gauni la mabega wazi, akasimama juani tangu saa sita hadi saa kumi.

Jumatatu mabega yake yalikuwa mekundu. Jumanne yalitoka malengelenge, makubwa kama punje za maharagwe, yakifuata mistari ya vidole vya aliyempaka. Kwenye zahanati aliulizwa alijipaka nini, na Becky hakuishuku nazi ya Benta; akamtaja Debra, akidhani mafuta ya miguu yamemwingia damuni, kwani nani mwingine Migosi ana mafuta makali? Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba Debra amemchoma mwalimu.

Jumatano hapakuwa na kiatu hata kimoja cha mteja mlangoni pa Debra. Mlangoni pa Benta palikuwa na jozi tatu. Alikanda migongo ile akiwa na furaha aliyoionea haya. Kila mteja alimlaani Debra. Benta alisema tu, "Mungu anaona," halafu yeye mwenyewe akashtushwa na maneno hayo.

Alhamisi alirudi kwa Shilpa. Hakusema ni nani aliyeungua. Shilpa alimsikiliza, kisha akamweleza polepole, kama mtu anayejua kwamba mara ya kwanza hakusikilizwa. Mafuta ya ndimu yanayokamuliwa kwenye maganda bila moto hugombana na jua. Ngozi iliyopakwa hayo huungua, nayo inapaswa kufunikwa hadi kesho yake. Yale yanayotolewa kwa mvuke hayana ugomvi huo, na chupa huandikwa ni yapi. Tena hakuna mafuta makali yanayopakwa matupu. Hata lavenda iliyo mpole, matone kumi na mawili yanatosha kwenye vijiko viwili vikubwa vya nazi au alizeti, na kwanza ujaribu kidogo ndani ya mkono na kungoja siku nzima. Ndimu ni matone machache kuliko hayo.

"Debra alikuja hapa mara saba akiuliza kabla ya kununua chupa ya kwanza," Shilpa akasema.

Benta aliona wivu hata kwa hizo mara saba.

Ijumaa Becky aliingia kwa Benta, mabega yamefunikwa bandeji. Hakuwa amelala. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema maumivu yamemshinda, na kwamba mkono pekee anaouamini ni huu.

"Anti, nipake ile yako ya nazi na ndimu. Ilichoma kidogo, ila ilinituliza."

Benta alikuwa ameshika kopo la nazi. Alilitua chini.

"Nyathina, mwanangu, sikiliza," akasema. "Usipake mafuta yoyote. Fuata ulivyoambiwa zahanati na ukae mbali na jua. Aliyekuchoma ni mimi. Yalikuwa ya chupa, nikakudanganya. Debra hana kosa."

Becky aliuliza swali moja tu: tangu lini amejua? Benta akajibu, tangu jana kwa hakika, tangu Jumanne moyoni. Becky akasimama, akatoka bila kuaga.

Benta akavaa viatu akaenda mlango wa tano. Debra alikuwa anafagia chumba kisicho na vumbi. Alisikiliza yote akiwa na ufagio mkononi.

"Ungeniuliza, Mama," akasema mwishowe.

"Ningekuuliza vipi? Mimi ndiye niliyekufundisha kushika mgongo wa mtu."

Debra akaendelea kufagia. Hakumwambia aketi.

Jumapili, baada ya ibada, Benta aliwakusanya akina mama na kuwaeleza mwenyewe, kuanzia dukani hadi bandejini. Wengine waliguna, wengine wakaacha kwenda kwake. Becky alipona, ila mabaka meusi yalikaa mabegani miezi mingi, na hakukandwa na Benta tena. Debra alirudishiwa wateja wake na wa ziada.

Ilipita mvua ya masika kabla Benta hajabisha tena mlango wa kijani, akiwa na daftari. Debra alimfundisha Jumanne tatu: kusoma jina la mmea kwenye chupa, kutofautisha mafuta halisi na manukato, kumwepushia mtoto mnanaa na mkaratusi, kumuuliza mwenye mimba kabla ya lolote. Alifundisha vizuri, bila kebehi, na kila alipoeleza jambo kwa ufasaha Benta alihisi kidole cha moto kikimgusa kifuani. Aliandika tu.