Kura za Porini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza. Katibu wa Wilaya, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, alinikuta nimesimama barazani kwenye ofisi ya chama pale Sikonge, akaniuliza baba yangu ni nani. Nikamwambia ni marehemu, alikuwa mrina asali na mwindaji wa kijiji kilicho mbele ya Ipole, na kwamba mimi nimekulia dagoni, yaani kwenye kambi za msituni ambako watu wetu hukaa kiangazi kizima wakirina na kuwinda.

"Basi wewe ofisini hukai," alisema. "Wewe utatuletea kura za porini."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya kampeni, nikazeeka nayo. Vijana wa leo wanadhani kampeni ni jukwaa, muziki na msururu wa magari. Hayo ni ya mwisho. Kazi yenyewe ilikuwa ya makundi: bodaboda walikuwa na mtu wao, wakulima wa tumbaku walikuwa na wao, hata wanakwaya walikuwa na wao. Mimi nilikuwa wa wawindaji na warina asali. Kabla mgombea hajakanyaga mahali, nilitangulia kufanya tulichokiita kusafisha njia: kujua nani anasikilizwa, watu wana kinyongo gani, mgombea akifika akae wapi na neno gani asilitamke. Kwa mfano, spika nilizikataza kabisa. Mwindaji hamwamini mtu anayepiga kelele porini.

Aliyesikilizwa kule kwetu alikuwa Mzee Maganga, mwenyekiti wa wawindaji, aliyewahi kuwinda na baba yangu. Nilimkuta dagoni anasuka kamba ya magome ya kuning'inizia mzinga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kurina au umekuja kuomba?"

"Nimekuja kuomba."

"Haya, kaa. Angalau hujaanza kwa kuzunguka."

Shida yao niliijua kabla hajaisema. Pori lilikuwa limefanywa hifadhi, kuingia ni kwa kibali, na vibali walikuwa wakiviomba bila kupata. Mizinga waliyorithi kwa baba zao ilikuwa humo ndani. Waliiendea kwa kunyatia, kama wezi.

"Fulana zenu msituletee," Mzee Maganga aliniambia. "Tunataka tuingie kwenye pori letu tukiwa tumesimama wima. Huyo mtu wako anaweza hilo?"

Nililipeleka neno hilo kwa Mratibu wa Kanda, bosi wangu wa pili, aliyekuwa mwalimu zamani na bado alisahihisha Kiswahili cha kila mtu. Akasema ahadi hiyo inabebeka. Nikaanza kumwandaa mgombea wetu wa ubunge. Nilimfundisha kusalimia kwa Kinyamwezi, 'mwangaluka', kukaa kwenye gogo, kutafuna asali na masega yake bila kukunja uso. Halafu kwa wiki kadhaa nilizunguka dago hadi dago nikiwaambia watu kwamba huyu ni mtu wetu. Sikuwa nadanganya. Niliamini.

Alipokuja, mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Alikula asali ya Mzee Maganga, akapewa upinde, akalenga mti na kuukosa, wote wakacheka naye. Kisha akasimama, akasema taratibu, "Nikishinda, mtaingia humu na vibali mkononi. Hakuna askari atakayewagusa." Wazee walimshika mikono.

Kutoka hapo msafara haukurudi Sikonge. Tulikata kushoto hadi kwenye kitalu, yaani eneo la pori lililokodishwa kampuni inayoleta wageni wanaolipia kuwinda. Mahema meupe, viti vya turubai, vinywaji baridi. Meneja wa kambi alilalamika kwamba wanyama wanakimbia kwa sababu ya moshi wa warina asali na mbwa wa wanakijiji. Mgombea alimsikiliza, ukingo wa shati lake bado una asali, akamjibu, "Vumilieni uchaguzi upite. Watu wale wote watatoka."

Nilikuwa nimesimama kando ya gari na Mratibu. Tulipoondoka nilimwambia, "Mratibu, pori ni lilelile."

"Kila kundi na ujumbe wake, Mama Neema," alisema bila kugeuka. "Kundi lako limeshapata wake."

Asubuhi nilikodi pikipiki nikarudi dagoni. Nilimweleza Mzee Maganga nilichosikia kwa masikio yangu. Alinitazama kwa huruma.

"Wamekuudhi nini huko ofisini, mwanangu?"

"Baba, nakwambia nilichosikia."

"Mtu aliyekula kwenye mzinga wa marehemu baba yangu hawezi kunigeuka hivyo. Na ni wewe uliyetuambia ni mtu wetu. Umechoka. Nenda ukapumzike."

Nilijaribu kwa wengine, nao walinijibu hivyohivyo. Kazi yangu ilikuwa imefanywa vizuri mno, hata mimi mwenyewe sikuweza kuivunja.

Habari zilifika ofisini kabla yangu. Nilihamishiwa Usoke, Urambo, nikapewa cheo cha msaidizi wa takwimu na chumba karibu na reli. Sikuacha kazi. Mume wangu alikuwa amefariki na watoto walikuwa shuleni. Matokeo niliyasikilizia redioni. Mgombea wetu alishinda, na vituo vya kule kwetu vilimpa kura karibu zote.

Kiangazi kilichofuata askari waliingia msituni. Walichoma madago, walichoma mizinga na nyuki wakiwa ndani. Wengi walikimbia. Mzee Maganga hakukimbia, kwa sababu alikuwa na namba ya simu ya mheshimiwa. Aliwaomba askari wapige, waongee naye wenyewe. Wakapiga. Msaidizi wake akapokea, akasema mheshimiwa yuko kikaoni. Mzee alifungwa kwa kukutwa na gobore ndani ya hifadhi.

Alipotoka nilikwenda kumsalimia kijijini. Alikuwa amekonda, anakohoa, amekaa mgongo ukiwa umeelekea msitu. Hakunilaumu kama nilivyojiandaa kulaumiwa.

"Uliniambia," alisema. "Lakini ulitangulia kunifundisha kumpenda."

Alifariki kabla ya mvua.

Miaka yangu ya mwisho niliimalizia ofisi ya mkoa, Tabora mjini. Siku ya kuniaga, Mwenyekiti alinisifu mbele ya watu kuwa ndimi niliyewaingiza watu wa porini katika siasa za kisasa. Nilipewa kitenge na mwamvuli. Watu walipiga makofi, nami nikasema asante, kwa sababu ndivyo inavyosemwa.

Mwaka huu Katibu Mwenezi mpya alinipigia simu. "Mama, tunataka kuwafikia wawindaji. Tuunganishe na mwenyekiti wao."

"Hawana mwenyekiti," nilimwambia. "Wala hawawindi tena. Wanalima vibarua kwenye tumbaku za watu."

"Basi tutawatafutia mwenyekiti sisi."

Wamempata. Nilikutana naye juzi stendi ya Sikonge, kijana mtanashati, kofia ya msituni kichwani. Alinipa shikamoo kwa adabu, nikaitikia. Nikamuuliza siku hizi msituni wanaingilia upande gani. Akasema hajui, hajawahi kufika.